Mita 15, mita 2 kutoka ukutani: namna ya kuweka alama sawa katika speki

Sentensi hii niliiandika mwenyewe, na watu wanne waliipitisha kabla wa tano hajauliza: "Mita 15 zifungwe mita 2 kutoka ukutani, mita 1 juu ya ardhi." Mita ya kwanza ni kifaa cha kupimia maji. Ya pili na ya tatu ni urefu. Aliyeuliza alikuwa fundi bomba ambaye ndiye angezifunga, na swali lake lilikuwa la haki kabisa: hiyo mita 1 ya mwisho ni kimo, au ni mita moja kati ya zile kumi na tano inayokaa juu na zilizobaki zinafukiwa?

Maelezo ya kiufundi, ambayo kazini wengi tunayaita speki, husomwa na watu ambao hutakuwapo kuwafafanulia. Fundi yuko shimoni, mtengenezaji wa programu yuko mji mwingine, afisa manunuzi anasoma kipengele kimoja tu kinachomhusu. Ukitumia alama moja kwa maana mbili, mmoja wao ataichukua kwa ile maana usiyoitaka, na ataendelea na kazi akiamini amekuelewa. Ndiyo maana naona kazi hii ya kulinganisha alama ina uzito sawa na hesabu zenyewe.

Nitafuata mfano mmoja tangu mwanzo: speki ya mfumo wa maji ya malipo ya kabla. Mteja analipa kwa simu, anapata tokeni, anaiingiza kwenye kifaa, valvu inafunguka. Nimeuchagua kwa sababu ndani yake mna kila kitu: urefu, presha, fedha, saa, namba za simu na ujumbe kati ya mashine. Anayeandika speki ya sola au ya mfumo wa hospitali atakutana na mambo yaleyale kwa sura nyingine.

Hatua ya 1: Okota alama zote kabla ya kurekebisha hata moja

Usianze kusahihisha. Chukua rasimu uisome kwa kazi moja tu, kuokota. Fungua jedwali lenye safu tatu: alama au neno, maana yake hapo lilipotumika, na namba ya kipengele. Ingiza vifupi vya vipimo, herufi za fomula, vifupisho, majina ya data, na pia yale maneno ya kawaida yanayobeba uzito: mteja, salio, usomaji, kiasi. Ingiza na namna za kuandika: tarehe imeandikwaje, maelfu yametenganishwaje, saa imeandikwaje. Neno likitokea mara kumi kwa maana ileile, mstari mmoja unatosha. Likitokea kwa maana tofauti hata kidogo, lipe mstari mwingine.

Ukimaliza, panga jedwali kwa alfabeti ya safu ya kwanza. Alama zenye maana mbili zitajipanga zenyewe, moja chini ya nyingine. Kisha panga upya kwa safu ya maana. Sasa utaona kinyume chake, kitu kimoja chenye majina matatu. Hii ndiyo njia ya haraka kuliko zote ninazozijua, na haihitaji programu yoyote maalumu. Kwa speki ya kurasa arobaini, tenga siku nzima.

Somo hili nililipata kwa gharama. Katika mradi mmoja tulikuwa na neno "kiasi". Kipengele cha malipo kilisema kiasi, na maana yake ni shilingi alizolipa mteja. Kipengele cha valvu kilisema kiasi, na maana yake ni lita za kuruhusu. Kila kipengele kilikuwa sahihi ukikisoma peke yake, kwa sababu kiasi kwa Kiswahili ni kiasi cha chochote. Siku ya jaribio tulinunua maji ya shilingi 2,000, na valvu ikaruhusu lita 2,000. Hakuna aliyekosea kuandika programu. Aliyekosea ni mwandishi wa speki, na nilikuwa mimi.

Hatua ya 2: Kitu kimoja jina moja, jina moja kitu kimoja

Shuleni tulifundishwa kwamba insha nzuri hairudii neno. Ukiandika "mwalimu" mstari wa kwanza, wa pili andika "mlezi huyo". Kwenye speki tabia hiyo iache mlangoni. Ukiandika "mteja" kipengele cha 3, "mtumiaji" cha 5 na "mwenye nyumba" cha 8, msomaji makini atadhani ni watu watatu, na atakuwa na sababu, kwa kuwa mpangaji anayetumia maji si mwenye nyumba, na anayelipa kwa simu anaweza asiwe yeyote kati yao. Sisi tuliishia na majina mawili: "mteja" ni aliyesajiliwa kwenye mkataba, "mlipaji" ni namba ya simu iliyotuma fedha. Mengine yote tukayafuta.

Kwa kifaa chenyewe, Kiswahili kimetusaidia. Mamlaka za maji Tanzania hutumia sana neno "dira" kwa mita ya maji. Basi dira iwe kifaa, na mita ibaki kuwa urefu. Sentensi yangu ikawa: "Dira 15 zifungwe. Kila dira iwe 2 m kutoka ukutani na 1 m juu ya ardhi." Fundi hakuuliza tena.

Neno "uniti" nalo liangalie. Kwa mteja wa maji uniti moja ni lita 1,000, yaani mita moja ya ujazo. Kwa mteja wa umeme uniti moja ni kilowati-saa. Kama dira yako ina betri na speki inazungumzia matumizi ya nishati, neno hilo litagongana na lenyewe. Liweke kwenye risiti ya mteja ambako ndiko analijua, lakini ndani ya speki andika m³ na kWh.

Kwa majina ya data ndani ya ujumbe wa mashine, ninapendekeza kwa nguvu kwamba kipimo kiwe sehemu ya jina. Badala ya `kiasi`, kuwe na `malipo_tzs` na `ujazo_l`. Badala ya `presha`, `presha_kpa`. Jina linakuwa refu kidogo, ila mtu anayesoma msimbo saa nane za usiku haulizi kitu. Chagua pia umbo moja la majina, herufi ndogo na mstari wa chini kati ya maneno, na lisibadilike kati ya sura na sura.

Hatua ya 3: Vipimo

Kanuni za mfumo wa kimataifa wa vipimo ni chache na zinatosha. Alama ya kipimo haina wingi na haina nukta mwishoni: 5 kg. Kuna nafasi kati ya namba na alama: 16 mm. Herufi kubwa na ndogo si mapambo: m ni mili na M ni mega, tofauti ya mara bilioni moja, k ya kilo ni ndogo na K kubwa ni kelvini. Ndiyo maana "KWH" na "Kw" zinazoonekana kwenye zabuni nyingi ni makosa, ingawa tumezizoea. Lita inaruhusiwa kwa l au L. L kubwa ilikubaliwa mwaka 1979 kwa sababu l ndogo hufanana na namba 1. Ninatumia L katika maandishi, na l ndogo ibaki kwenye majina ya data pekee, ambako yote ni herufi ndogo. Hilo nalo liandike kwenye jedwali lako, lisije likaonekana kosa.

Kuna jambo ambalo miongozo ya lugha nyingine haitakuambia. Sisi tunasema kipimo kwanza kisha namba: mita mbili, lita ishirini. Mkono wako utataka kuandika "m 2", na mchapaji akibana nafasi inakuwa m2, ambayo ni mita za mraba. Basi shika hivi: ukiandika kwa neno, neno litangulie, "mita 2", ukiandika kwa alama, alama ifuate, "2 m". Katika majedwali na mahitaji tumia alama. Maneno yabaki kwenye utangulizi.

Presha inahitaji uamuzi wa mapema, kwa sababu kila kundi lina yake. Wahandisi wa mitandao ya maji huzungumza kwa mita za kimo cha maji, wauza dira huandika bar, vitabu vya fizikia vinatumia paskali. Mita 10 za maji ni karibu 98 kPa (kilopaskali), na 1 bar ni 100 kPa kamili, kwa hiyo namba hukaribiana kiasi cha kukudanganya. Tukaamua: kPa kila mahali, na jedwali moja la kubadili kwenye kiambatisho. Mara moja tu, mwanzoni, sema pia kama presha unayoitaja inapimwa juu ya presha ya hewa au kuanzia ombwe. Kuacha hilo ni kuacha karibu 100 kPa za presha ya hewa zikielea.

Mabomba nayo yana mtego wake. "Bomba la 50" kwa fundi wa chuma ni DN 50 (kipenyo cha jina tu), lile la inchi mbili, ambalo nje linapima karibu 60 mm. "Bomba la 50" kwa muuza mabomba ya plastiki ya polithini ni kipenyo cha nje (OD) cha 50 mm, na ndani ni dogo zaidi kulingana na unene wa ukuta. Ukiandika 50 tupu, viungo havitaingiana. Andika DN 50 au OD 50 mm, na DN na OD zifafanuliwe kwenye jedwali la alama.

Kama kuna atakayekuuliza kwa nini unahangaika na mambo haya, mweleze habari za ndege ya Air Canada ya tarehe 23 Julai 1983. Boeing 767 hiyo ilikuwa na kipima mafuta kibovu, hivyo mafuta yakapimwa kwa lita na kubadilishwa kuwa uzito kwa mkono. Wakatumia namba 1.77, ambayo ni pauni kwa lita, mahali palipohitaji kilo kwa lita, karibu 0.8. Ndege ikaondoka na chini ya nusu ya mafuta yaliyotakiwa, injini zikazimika angani, na rubani akaishusha kama kishada kwenye uwanja wa zamani wa Gimli, Manitoba. Wote walinusurika. Kilichokosekana ni maneno matatu tu baada ya 1.77: pauni kwa lita.

Hatua ya 4: Namba na fedha

Tanzania, Kenya na Uganda tunaandika 1,500.50: koma kwa maelfu, nukta kwa desimali. Mwenzako wa Bujumbura au Bukavu, aliyesoma kwa Kifaransa, ataandika 1 500,50. Mkikutana kwenye speki moja, "1,500" inaweza kuwa elfu moja na mia tano au moja na nusu. Viwango vya kimataifa vinakubali nukta au koma kwa desimali, lakini kwa maelfu vinataka nafasi tupu. Chagua moja uiseme ukurasa wa kwanza. Ndani ya ujumbe wa mashine, usiwe na kitenganishi chochote cha maelfu, na desimali iwe nukta.

Kwa shilingi, acha "5,000/=" na "Sh." na "5K". Alama ya /= inapendeza kwenye daftari la duka, ila programu haiijui, na shilingi ziko nchi zaidi ya moja. Tumia TZS, KES, UGX mbele ya namba. Kisha amua kuhusu senti. Kwenye orodha ya kimataifa ya sarafu, shilingi ya Tanzania na ya Kenya zina tarakimu mbili za desimali, ya Uganda haina. Mfumo unaotuma fedha kwa senti nzima, 500000 kwa maana ya TZS 5,000, utazidisha malipo ya Kampala mara mia ukisahau tofauti hiyo.

Sasa namba ambazo si namba. Tokeni za malipo ya kabla zinazofuata kiwango kinachotumika kwa umeme na maji zina tarakimu 20. Usiiruhusu speki iite hiyo "namba nzima". Tarakimu 20 hazienei hata kwenye nafasi ya biti 64, na sifuri za mbele zitapotea. Andika: "mfuatano wa tarakimu 20, wa aina ya maandishi". Eleza pia kwamba nafasi zinazoonekana kwenye risiti kila baada ya tarakimu nne ni kwa ajili ya macho tu, si sehemu ya tokeni. Vivyo hivyo kwa simu: umbo moja tu, +255 na tarakimu tisa bila nafasi. Ukiruhusu 07 mahali pengine, mteja mmoja ataonekana wawili.

Hatua ya 5: Saa na siku

Hili ni letu sisi, na hakuna kiwango cha nje kilichoandikwa kikiwa na sisi akilini. "Dira itume usomaji saa 6:00." Aliyekulia kwenye Kiswahili anasoma saa sita, ama mchana ama usiku wa manane. Aliyezoea saa ya simu yake anasoma alfajiri, saa kumi na mbili. Nimeona timu moja ikiwa na tafsiri zote tatu, na kila mtu akishangaa wenzake wamezipata wapi.

Kanuni ni fupi. Ndani ya speki, saa ni ya tarakimu kwa mfumo wa saa 24, na inabeba tofauti yake na saa ya dunia: 2025-03-04T06:00:00+03:00. Umbo hili limo kwenye ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe na saa, na lina faida kwamba mwaka unatangulia, hivyo hakuna anayegombana kama 03/04 ni Machi au Aprili. Ile +03:00 usiiache. Tanzania, Kenya na Uganda zinaitumia mwaka mzima, lakini Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo wako +02:00, na dira iliyoko Rusumo, mpakani na Rwanda, inaweza kuzungumza na simu iliyoshika mnara wa ng'ambo ya mto.

Kwenye mwongozo wa mteja, huko andika kwa Kiswahili chake: "saa kumi na mbili asubuhi", kwa maneno, pamoja na kipindi cha siku. Usiandike kwa tarakimu. Kwa njia hiyo tarakimu daima ni saa 24, maneno daima ni saa ya Kiswahili, na hakuna mahali zinapokutana.

"Usiku wa Jumatatu" uondoe kabisa. Kwa hesabu ya pwani, ambako siku huanza jua likizama, huo ni usiku ule watangazaji wanaouita wa kuamkia Jumatatu. Kwa hesabu ya ofisini ni usiku unaofuata mchana wa Jumatatu. Wote wana haki. Kazi ya matengenezo iliyopangwa usiku huo itakuta watu wamefika kwa tofauti ya saa 24.

Hatua ya 6: Maneno ya amri na maneno ya mipaka

Hapa ndipo ninapoomba msomaji asipite haraka. Alama si herufi na vipimo peke yake. Neno "lazima" ni alama. "Hadi" ni alama. Na Kiswahili, kwa utajiri wake, kina maneno ya amri yanayoteleza.

Chukua hii: "Dira haitakiwi kutuma usomaji wakati betri iko chini." Imekatazwa, au haidaiwi tu? Sentensi inabeba zote mbili. "Haipaswi" ni vivyo hivyo. "Dira inaweza kuhifadhi miamala 500": ni uwezo wake au ni ruhusa? Na njeo ya wakati ujao, ambayo mikataba yetu huipenda, "seva itajibu ndani ya sekunde 5": ni amri, ahadi au utabiri?

Wenzetu wanaoandika viwango vya intaneti walikutana na tatizo hili kwa Kiingereza, na Machi 1997 wakatoa waraka mfupi, RFC 2119, unaofafanua maneno machache ya amri kama MUST, SHOULD na MAY. Mei 2017 waliongeza ufafanuzi, RFC 8174, kwamba maneno hayo yana maana hiyo maalumu pale tu yanapoandikwa kwa herufi kubwa. Wazo ni zuri, lakini usitafsiri neno kwa neno. Chagua maneno ambayo kwa Kiswahili hayatelezi. Mimi natumia matano:

LAZIMA: asipofanya, kifaa hakikubaliki.
MARUFUKU: akifanya, kifaa hakikubaliki.
INASHAURIWA: afanye, isipokuwa ana sababu aliyoiandika.
HAISHAURIWI: asifanye, isipokuwa ana sababu aliyoiandika.
HIARI: afanye au asifanye, na upande wa pili uwe tayari kwa yote mawili.

Nimeweka MARUFUKU kwa makusudi badala ya kukanusha lazima, kwa sababu "si lazima" na "lazima isi-" ziko mbali kama mbingu na ardhi, na jicho lililochoka huzichanganya. Uwezo usiandikwe kwa "inaweza". Andika "ina nafasi ya miamala 500". Na katika maandishi ya kawaida, maneno haya matano yasitokee kwa herufi ndogo hata mara moja.

Kisha pitia kila sentensi yenye LAZIMA na uulize: ni nani? "Tokeni LAZIMA ihakikiwe" haijasema na dira au na seva. Kauli ya kutendwa inaficha mtendaji, na mtendaji akifichwa kila upande utadhani ni mwenzake. Andika "Dira LAZIMA ihakiki tokeni".

Mipaka sasa. "Bei ya kwanza ni ya lita 0 hadi 5,000, ya pili ni ya lita 5,000 hadi 15,000." Aliyetumia 5,000 kamili analipa ipi? "Hadi" wakati mwingine inajumuisha na wakati mwingine haijumuishi. Kwa kila mpaka tumia alama za hesabu, V ikiwa ni ujazo uliotumika: 0 ≤ V < 5 m³, kisha 5 ≤ V < 15 m³. Kama ni lazima utumie maneno, "isiyozidi 5" inajumuisha tano, "chini ya 5" haijumuishi, "zaidi ya 5" haijumuishi, "isiyopungua 5" inajumuisha. Na "kila baada ya siku mbili" iandike "kila saa 48", maana kuna wanaoruka siku mbili na kutuma ya tatu.

Hatua ya 7: Biti na baiti

Haya ni machache. Namba za msingi wa 16 zianze na 0x. Sema mara moja ni baiti ipi ya namba inatangulia, ile ya thamani kubwa au ya thamani ndogo; itifaki za intaneti hutanguliza ya thamani kubwa. Sema biti ya kwanza inahesabiwa 0 au 1. KiB ni baiti 1,024 na kB ni baiti 1,000, tofauti iliyowekwa rasmi mwaka 1998. Usiandike "KB".

Hatua ya 8: Ukurasa mmoja wa alama, na mfano uliokokotolewa

Maamuzi yote ya hatua zilizotangulia yaingie kwenye jedwali moja mwanzoni mwa speki, kabla ya mahitaji: alama, maana, kipimo, mfano. Vipengele vingine viwe vinarejea huko, visifafanue upya. Ufafanuzi ukiwa mahali pawili, siku moja mmoja utarekebishwa na mwingine utasahaulika.

Lakini jedwali peke yake halitoshi. Chombo cha NASA kilichoitwa Mars Climate Orbiter kilipotea Septemba 1999 ingawa waraka wake wa mawasiliano kati ya programu ulitaka vipimo vya metriki. Programu moja ya ardhini ilitoa msukumo kwa pauni-sekunde, nyingine ikausoma kama nyutoni-sekunde, tofauti ya mara 4.45, na chombo kikaingia chini mno kwenye anga ya Mars. Waraka ulikuwa sahihi. Namba zilizotoka hazikulinganishwa ipasavyo na waraka.

Kwa hiyo kila muundo wa ujumbe uambatane na mfano mmoja wenye namba kamili, tangu mwanzo hadi mwisho: mlipaji +255 fulani ametuma TZS 2,000, bei ni TZS 1,600 kwa m³, ujazo ni 1.25 m³, yaani `ujazo_l` ni 1250. Tokeni ni tarakimu hizi 20. Dira inaonyesha hivi. Mtengenezaji aliyekosea kipimo atapata jibu tofauti na lako siku ileile ya kwanza, mezani, kabla valvu haijafunguka. Kama ningeruhusiwa kubakiza kitu kimoja tu kwenye speki, ningebakiza mfano huu.

Hatua ya 9: Acha kompyuta ikusake

Macho ya mwandishi hayaoni makosa yake. Weka orodha ya maneno yaliyokatazwa na uitafute kila kabla ya kutoa toleo. Rasimu ikiwa ya maandishi matupu, amri mbili za grep, programu ya kutafuta maneno ndani ya faili, zinatosha kuanzia:

`grep -nwiE 'kiasi|mtumiaji|uniti|haitakiwi|haipaswi|inaweza' speki.txt`

`grep -nE '[0-9](kPa|kWh|mm|m³|L)' speki.txt`

Ya kwanza inaonyesha maneno uliyoyafuta yanayorudi kwa mlango wa nyuma. Ya pili inaonyesha namba zilizogandana na kipimo. Ukiandikia kwenye programu ya ofisi, kisanduku cha kutafuta kitafanya kazi hiyohiyo kwa neno moja moja. Kila mara mtu anapouliza swali kuhusu maana ya neno, liongeze neno hilo kwenye orodha.

Kisha umpe mtu mmoja ambaye hakuwapo kwenye vikao. Usimwombe maoni, maoni yatakuwa "iko vizuri". Mpe mfano wa hatua ya 8 ukiwa umefuta majibu, na umwambie akokotoe. Mahali atakaposimama na kurudi nyuma kurasa mbili, hapo ndipo penye kazi.

Hatua ya 10: Kubadilisha baada ya kutolewa

Utabadilisha, hilo halikwepeki. Kanuni moja usiivunje: alama iliyowahi kutolewa kwa maana fulani isipewe maana mpya. Kama `bei` ilikuwa shilingi kwa lita na sasa unataka shilingi kwa m³, `bei` inakufa na `bei_tzs_m3` inazaliwa. Programu ya zamani ikikutana na jina isilolijua itasimama na kulalamika. Ikikutana na jina inalolijua lenye maana mpya, itaendelea kufanya kazi kimyakimya na kukosea mara elfu.

Namba ya toleo na tarehe viwe kwenye kila ukurasa, si kwenye jalada tu, kwa sababu mafundi hupiga picha ukurasa mmoja kwa simu na kwenda nao kazini. Alama zilizokufa zibaki kwenye jedwali na neno "imeondolewa, toleo la 2" pembeni. Na unapotuma toleo jipya, wapigie wale walio na la zamani, mmoja mmoja, uwaulize wanasoma toleo la ngapi.